Mtu wa Kwanza kwenye Orodha

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimekaa mezani, kalamu mkononi, mbele ya karatasi yenye mistari hamsini. Kwa anayeanza leo nitasema kwa kifupi nilifikaje pale. Nimeshaisimulia aibu hii mara kadhaa na haijapungua uzito hata kidogo.

Mimi si mwanafunzi wa chuo. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kutoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya kuandikia. Mwanafunzi wa chuo alikuwa mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu: mimi kifungua mimba, yeye kitinda mimba, katikati hakuna mtu. Mama alimwita Kitinda kabla hajaota meno, na sisi wote tukafuata.

Kitinda alisomea masoko. Mwaka wake wa tatu alipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, wiki nane, kwenye kampuni inayouza mitungi ya kuchujia maji. Barua ya kukubaliwa alilala nayo chini ya mto. Kisha akaugua. Aliugua siku kumi na moja tu. Siku ya tisa alinishika mkono akasema, "Dada, nenda kawaambie wanisubiri."

Sikwenda. Nilisema nitakwenda kesho, na kesho yake nikasema kesho. Nilipokwenda kweli, alikuwa ameshazikwa, na nilikuwa nakwenda kuwaambia wasimsubiri tena.

Nilifika mapokezi na barua yake mkononi. Sijafungua mdomo, dada wa mapokezi akaisoma, akapiga meza kwa kiganja. "Umechelewa, mwenzangu! Wenzako wameanza tangu saa mbili!" Akanivisha shingoni kitambulisho chenye jina la marehemu, akanisukuma mlangoni.

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote niliyowasimulia ni watoto na wajukuu wa kosa hilo.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikutoka siku ya pili. Nitawajibu. Asubuhi ya siku ya pili mkuu wa mauzo aliita mahudhurio. Alipofika kwenye jina la mdogo wangu akaita kwa sauti, jina lote, la kwake na la baba. Sikuwa nimelisikia likiitwa hivyo tangu makaburini. Nikaitika. Pale palikuwa mahali pamoja tu duniani ambapo Kitinda alikuwa bado anaitwa asubuhi na kujibu, na mimi ndiye niliyekuwa sauti yake. Mngetoka ninyi?

Nyumbani, Mama alijua niko dukani na mashine yangu ya fotokopi. Mama ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Alikuwa mtu wa kuongea na wateja mpaka uzi unaisha bila yeye kujua. Tangu mazishi alikuwa anapima, anakata, anashona. Mteja mgeni akimuuliza, "Una watoto wangapi, mama?" alikuwa anasimama anakwenda jikoni kunywa maji. Akirudi anauliza mikono iwe mirefu au mifupi.

Basi, nilitaka kitu kimoja tu: barua ya kumaliza mafunzo, yenye jina la Kitinda na mhuri. Nikishaipata nitoke pale, nisirudi tena, na siku moja nitafute namna ya kumpa Mama. Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Sasa tuje kwenye mistari hamsini.

Mkuu wa mauzo tulimwita Bi Malengo, asipokuwepo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mwendo, mwenye miwani inayokaa kichwani zaidi ya machoni. Alikuwa na lengo la siku, lengo la wiki na lengo la mwezi. Mwenzetu mmoja tuliyempa jina la Profesa, kwa sababu ya kipara alichoanza kuota akiwa na miaka ishirini na mbili, alisema Bi Malengo hata chooni anaingia na lengo.

Tulikuwa wanafunzi wanane, kila mmoja na chuo chake. Hakuna aliyewahi kumwona mdogo wangu, na hiyo ndiyo iliyonifikisha wiki ya nane.

"Hamsini," alisema Bi Malengo Jumatano ile, akigawa karatasi. "Watu hamsini unaowajua wewe na wanaokujua wewe. Jina, namba ya simu, na ni nani wako. Kesho tunawapigia wote."

"Madamu," akasema Profesa, "ukoo wangu mzima haufiki hamsini."

"Ongeza na wanaokukimbia."

Tukacheka. Bi Malengo hakucheka. "Na mstari wa kwanza, nisikilizeni vizuri, mstari wa kwanza aandikwe yule mtu asiyeweza kukukatia simu. Huyo ndiye atakayekufungulia kinywa. Ukishauza kwake, wengine wote ni maji ya kunywa."

Nikanyanyua mkono. "Madamu, nani atapiga?"

"Kila mtu na orodha yake."

Nikapumua. Kumbe rahisi. Mistari arobaini na tisa niliijaza na wateja wangu wa fotokopi, wale walioniachia namba zao juu ya bahasha ili niwajulishe kazi ikiwa tayari. Niliwaandika marafiki, majirani, mjomba. Kesho yake ningekaa kwenye kona yangu, ningepiga simu zangu kwa sauti ya chini, na hakuna ambaye angejua nimejitaja kwa jina gani.

Ukabaki mstari wa kwanza.

Hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe, na hakuna aliyenisukuma. Wiki zile zote nilikuwa na mazoea: kila fomu niliyopewa nilijiuliza, Kitinda angeandika nini? Chakula unachopenda, somo gumu, ndoto yako baada ya miaka mitano, vyote nilivijaza kama yeye. Nikajiuliza tena. Kitinda angemwandika nani, mtu asiyeweza kumkatia simu?

Mkono ukaandika wenyewe. *Mama mzazi.* Na namba yake, ambayo naijua kuliko namba yangu.

Sikuwa na nia ya kumpigia. Niliiandika kwa sababu ilikuwa kweli. Nilijisikia vizuri, kama zamani nilipokuwa namchorea ramani za jiografia usiku wa kuamkia mtihani na yeye amelala na kifuniko cha kalamu mdomoni.

Nikakabidhi karatasi, nikaenda nyumbani nikalala usingizi mzuri.

Alhamisi asubuhi tulikaa kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, simu moja ya kampuni katikati. Moja.

"Nimebadilisha mpango," akasema Bi Malengo. "Jana usiku nimefikiri. Mkipiga simu kwa ndugu zenu mtaanza kuulizana habari za nyumbani mpaka jua lizame. Kwa hiyo tunabadilishana orodha. Na tunaweka spika, wote tusikie, wote tujifunze."

Akazichanganya karatasi kama karata, akagawa. Yangu ikaangukia kwa Profesa.

"Aaa!" Profesa akaichungulia. "Huyu mwenzetu kaanza na mama! Jamani, mtoto wa mama!"

"Hiyo ndiyo akili," akasema Bi Malengo. "Tunaanza na hiyo."

Nikasimama. "Madamu, mama yangu hasikii vizuri."

"Tutapaza sauti."

"Mama yangu hapendi simu za watu asiowajua."

"Hapendi simu, ila mtoto anampenda. Kaa."

"Madamu, nyumbani tuna mtungi tayari."

Miwani ikashuka kutoka kichwani ikakaa machoni. "Wa kampuni gani?"

Nikatafuta jina la kampuni, sikuliona popote kichwani mwangu. "Wa... wa udongo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Profesa alilaza kipara chake mezani. Mimi mwenyewe nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu watu wote walikuwa wanacheka. Na kicheko kilipokuwa bado hakijaisha, kidole cha Profesa kilikuwa kinabonyeza namba.

Ikaita. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpaka ikakata.

Hakuna aliyepokea.

Nilikaa. Mama akiwa kwenye cherehani hasikii simu, nilisahau hilo. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya lile cherehani bovu lenye kelele.

"Wa pili," akasema Bi Malengo.

Wa pili, niliyemwandika "rafiki wa familia", alikuwa mwalimu mstaafu ambaye huja kunakilisha kadi zake za kliniki. Alimsikiliza Profesa mpaka mwisho, kisha akasema kwa utulivu, "Kijana, huyo binti unayemtaja simjui. Lakini kama anauza maji, mwambie hata mimi ninayo bombani."

"Wewe mwenzangu," Profesa akanigeukia, "huyu rafiki wa familia ni wa familia gani?"

Nilikuwa natafuta la kumjibu simu ilipolia pale mezani. Profesa akaangalia kioo, uso ukamng'aa.

"Mama kapiga!"

Akabonyeza kabla sijavuka meza.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya Mama ikajaa chumbani, na nyuma yake cherehani lilikuwa bado linazunguka taratibu, kama anakanyaga pedali bila kushona. "Nimekuta umenipigia. Naongea na nani?"

"Mama, napiga kutoka ofisini kwa mwanao."

"Dukani? Kuna nini?"

"Hapana mama, siyo dukani. Ofisini, kwenye mafunzo. Mwanao wa chuo kikuu."

Cherehani likasimama.

"Mwanangu yupi?"

"Huyu anayesomea masoko, mama." Akalisoma jina kutoka kwenye karatasi, lote, la kwake na la baba. "Ametuandikia watu hamsini anaowaamini. Na wewe, mama yetu, ndiye umekuwa wa kwanza."

Bi Malengo akamwonyesha Profesa kidole gumba: endelea, umempata.

"Ameandika lini?" akauliza Mama.

"Jana tu, mama."

"Jana."

"Jana mchana, kwa mkono wake."

"Anaendeleaje?"

Swali hilo aliliuliza kwa sauti ndogo sana. Profesa ilibidi ainamie simu. "Anaendelea vizuri sana, mama. Yuko hapa hapa, anakuonea aibu tu. Amejificha uso kwa mkono."

"Yuko hapo."

"Huyu hapa."

"Mpe simu."

Profesa akaisukuma simu ikateleza juu ya meza mpaka mbele yangu. Spika wazi. Watu wanane wakinitazama, wengine wametabasamu, kama watu wanavyotabasamu mtu anapoongea na mama yake mbele ya kadamnasi.

"Mama," nikasema.

Nilisikia anavuta pumzi. Kisha akaita.

"Kitinda?"

Nilikuwa na majibu mawili. Ningeweza kusema, Mama, ni mimi. Maneno matatu. Ningekamatwa pale pale, lakini ningekuwa nimemwambia mama yangu ukweli. Mnataka kujua mtu anafikiri nini wakati kama huo? Hafikiri. Wiki nane nilikuwa nimefundishwa na asubuhi karibu arobaini za mahudhurio kwamba jina la yule mtoto likiitwa, mimi naitika.

"Abee, mama."

Nimewaandikia mengi kwenye gazeti hili. Niliwaeleza nilivyouigiza mwandiko wa marehemu, nilivyomdanganya mkaguzi wa chuo chake nikiwa nyuma ya mlango kwamba naumwa nisikutane naye uso kwa uso. Yote hayo naweza kuyabeba. Hilo neno moja bado sijapata pa kuliweka.

Profesa akatazama kioo kuona kama simu imekatika.

"Umekula?" akauliza Mama.

Hilo lilikuwa swali lake kwa Kitinda, kila alipopiga simu kutoka chuoni. Kabla ya habari, kabla ya mitihani. Mimi niliyekuwa nakula naye sahani moja kila jioni hakuwahi kuniuliza, ya nini?

"Nimekula, mama."

"Haya. Mpe huyo kijana anielekeze hiyo ofisi iko wapi."

Profesa akamwelekeza, jengo la rangi ya kijivu, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Mama akarudia kila neno kama anayeandika. Kisha akakata bila kuaga.

Bi Malengo akapiga makofi mpaka bangili zikalia. "Mmeona? Mmeona jamani? Miaka kumi na minne niko kwenye mauzo, mteja wa simu ya kwanza kufunga safari siku hiyo hiyo sijawahi kumwona! Mpigieni makofi!"

Wakanipigia makofi.

Mpaka leo sijui Mama alikuwa anaongea na nani. Sauti yangu na ya Kitinda zilifanana, watu walituchanganya kwenye simu, lakini si Mama. Mama alitutambua hata kwa kikohozi. Nilijiuliza hivi: kama alinijua, kwa nini aliuliza umekula? Na kama hakunijua, basi kile nilichomfanyia hakina jina.

Kutoka nyumbani mpaka pale ni saa nzima. Nikaamua nitumie saa hiyo kufanya jambo la haki. Nikagonga mlango wa Bi Malengo.

"Madamu, nina jambo."

"Hata mimi nina jambo, na mimi ni mkubwa, langu kwanza." Akafungua droo, akatoa karatasi yenye nembo ya kampuni, akaigeuza upande wangu. "Nilipanga kuwapa kesho. Soma."

Nikasoma. Jina la Kitinda, kwa herufi nyeusi, limeandikwa bila kosa hata moja. *Amekamilisha mafunzo kwa vitendo kwa wiki nane. Ni mwaminifu.*

Mwaminifu. Nililisoma neno lile mara mbili.

"Mwanzoni nilikuona mzito," akasema Bi Malengo. "Hucheki na wateja. Nikasema huyu atauza nini? Lakini nimegundua watu wanakuamini kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaouza kwa mdomo, wewe unauza kwa kunyamaza." Akachukua mhuri, akaupulizia kama anaupasha moto, akauweka pembeni. "Nitagonga mbele ya mama yako. Aone kwa macho yake. Haya, jambo lako?"

Karatasi niliyoitafuta kwa wiki nane ilikuwa umbali wa mkono, imebakia kugongwa mhuri tu.

"Nilikuwa naomba ruhusa kwenda chooni, madamu."

"Sasa hilo nalo ni jambo?" Akacheka. "Nenda. Ukirudi uandae onyesho. Mama yako utamwonyesha wewe mwenyewe."

Kwa wasiojua, onyesho letu ni hivi. Unachemsha chai ya rangi, nyeusi tii. Mbele ya mteja unaimimina yote juu ya mtungi. Unaongea naye kidogo, na kwa chini yanaanza kutoka maji meupe, unayakinga kwenye glasi, unakunywa wewe kwanza, kisha unampa. Watu wote husema "ha!" Kitinda aliniambia habari za onyesho hilo kabla hajaugua. Alikuwa ameliona kwenye simu yake. Alisema, "Dada, ni kama uchawi, ila una risiti."

Nilikuwa nimeshika birika la chai dada wa mapokezi alipochungulia.

"Mama yako amefika."

Mama aliingia na ndala za nyumbani. Futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, na pini tatu kifuani, alivyotoka kwenye kazi ndivyo alivyokuja. Mkononi ameshika bakuli la plastiki lenye kifuniko, limefungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameleta chakula.

Alisimama mlangoni akatazama chumba chote. Alimtazama kila msichana, mmoja mmoja, uso kwa uso, taratibu. Nilielewa alikuwa anamtafuta nani. Nilikuwa mtu wa mwisho kutazamwa.

Tulipokutana macho hakushtuka. Kitu fulani kikashuka tu mabegani mwake, kama mtu aliyetua mzigo au aliyebebeshwa.

"Karibu mama yetu, karibu sana!" Bi Malengo akamvutia kiti. "Keti hapa mbele. Binti yako ana kitu cha kukuonyesha."

Mama akaketi. Bakuli akaliweka mapajani.

"Haya," Bi Malengo akaniambia. "Anza."

Nikabaki nimeshika birika.

"Onyesha," akasema Mama. "Nimekuja kuona."

Basi nikaonyesha. Nilimimina chai, birika likagonga ukingo wa mtungi. Nikasema maneno yote niliyofundishwa: tabaka la mchanga, tabaka la mkaa, usalama wa familia. Nikasema, "Mama, uchafu wote unabaki juu." Mama hakutazama mtungi hata mara moja. Alikuwa anasoma kitambulisho kifuani mwangu.

Maji yakatoka. Nikakinga, nikanywa kidogo, nikajaza glasi nyingine nikamwekea mbele yake.

"Ha!" akasema Profesa kwa niaba yake, maana mwenyewe hakusema.

"Kabla hujanywa, mama," Bi Malengo akaleta ile barua na mhuri. Akaulaza mhuri kwenye wino, akagonga mara moja kwa nguvu, meza ikaruka. "Hii hapa. Nakukabidhi wewe uliyemzaa. Mtoto wako wa mfano."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaisoma akifuata kila mstari kwa kidole chenye kovu la sindano. Alipofika kwenye jina, kidole kikasimama. Akaligusa jina lile mwanzo mpaka mwisho, kama anavyogusa kitambaa kujua ni cha aina gani.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Jina lake hukosewa sana, watu hulikatia herufi. Hapa wameliandika lote."

"Sisi hatukosei, mama."

Mama akaikunja barua mara mbili, akaiingiza kifuani, upande wa pini. Akaweka kiganja juu yake. Kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Na yake huyu iko wapi?"

Bi Malengo akacheka. "Yake? Mama, si ndiyo hiyo uliyoiweka kifuani?"

"Hii ni ya mdogo wake."

Profesa alikuwa anatafuna kalamu. Akaacha.

Bi Malengo akanitazama mimi, akakitazama kitambulisho, akamtazama Mama. Miwani ikashuka machoni taratibu. Mhuri ulikuwa bado mkononi mwake, wino umemgusa kidole, hakuona.

"Sijaelewa," akasema. "Mama, kwani una watoto wangapi?"

Nikafumba macho. Nilijua atasimama. Tangu mazishi aliulizwa swali hilo mara nne, na mara zote nne alisimama akaenda kunywa maji. Nikasubiri kusikia kiti kikiburuzwa.

Sikusikia kiti. Nikafumbua macho.

Glasi ilikuwa pale pale mbele yake, imejaa, maji meupe yaliyotoka kwenye chai nyeusi. Mama aliishika, akainyanyua mpaka karibu na midomo. Akanitazama juu ya ukingo wake.

Kisha akairudisha mezani bila kunywa, akaisukuma mbali kwa vidole viwili, na akamgeukia Bi Malengo amjibu.